Kikundi Juu ya Mashine

Njia ya kwenda kwenye kikundi cha kuacha kamari ilipita katikati ya mashine za kamari. Njia nyingine haikuwapo. Mtu aliingia kwa mlango wa mbele wa Klabu ya Matufe ya Tarrandale, ile ya mchezo wa kuvingirisha matufe kwenye nyasi, akaonyesha kadi yake ya uanachama mezani kwa Shaz wa mapokezi, akakata kushoto mbele ya baa, kisha akatembea ukumbi mrefu wenye zulia jekundu, mashine zikiwa zimepangwa kulia na kushoto na taa zao zikichezacheza, mpaka akafika kwenye ngazi. Kikundi kilikutana juu. Glenys Trewin, aliyefanya kazi famasi tangu usichana wake mpaka kustaafu, aliuona mpangilio huo kama duka la dawa lililoweka sumu ya panya rafu moja na dawa ya kikohozi ya watoto. Hakuona fumbo lolote hapo. Aliona uzembe.

Kila Alhamisi jioni binti yake, Tamsin, alimleta kwa gari, akasimama kwenye maegesho bila kuzima injini, na kumtazama mpaka mlango wa kioo umfungukie na kumfungia ndani. Ndipo alipoondoka. Hayo yalikuwa masharti. Majira ya joto yaliyopita Glenys aliahidi kumchukua mjukuu wake, Maeve, kutoka chekechea. Akaketi kwanza mbele ya mashine kwa muda mfupi tu, kama alivyojiambia, na mwalimu akabaki na mtoto langoni mpaka jua likazama. Tamsin hakupiga kelele. Alisema, "Alhamisi uko kwenye kikundi, mama, Jumamosi unakaa na Maeve. Ukiacha kimoja umeacha na kingine."

Glenys aliyaona masharti hayo kuwa ya haki. Kilichomkera ni kwamba kila juma mwanawe alimshusha mdomoni mwa mamba ili akafundishwe kukaa mbali na mamba. Alikwisha kumwambia, tena si mara moja.

"Wenzako wote si wanapita hapohapo?" Tamsin alimjibu.

"Wenzangu wengi ni walevi, mwanangu. Hawana haja na mashine."

"Na baa nayo si ipo hapohapo?"

Glenys akaanza kueleza habari ya zulia jekundu.

"Mama, wewe huishiwi sababu. Siku zote ni kosa la mlango, kosa la zulia, kosa la mtu fulani."

Kikundi kingeweza kukutana kwingine, lakini kwingine hakukuwapo. Maktaba ilifungwa mapema. Ukumbi wa kanisa ulitobolewa paa na mvua ya mawe na ukawekewa kufuli. Shule ilidai bima ambayo kikundi hakikuwa nayo. Klabu ilitoa chumba bure, pamoja na chai na biskuti, na kila mwaka picha ya chumba hicho ilitokea kwenye ripoti ya klabu chini ya maneno ya kuisifu kwa kuijali jamii. Kukutana kwa simu Tamsin alikukataa kabisa, kwa kuwa ilikuwa simu hiyohiyo aliyoitumia mama yake kucheza kamari usiku alipofiwa na mume.

Mwezeshaji wa kikundi aliitwa Rohan Satchell. Mchana aliuza matairi. Jioni ya Alhamisi alisimama mbele ya ubao mweupe na kalamu ya buluu. Zamani alikuwa mlevi, na hakulificha wala kulitangaza. Kikundi chake hakikumwomba mtu apige magoti, hakikumtaka ajiite mgonjwa mpaka kufa, wala hakikumwambia cha kufanya. Mtu alikuja na shida yake, akaipima mwenyewe, akajichagulia hatua, akarudi juma lililofuata kueleza ilikuwaje. Glenys, asiyependa kubembelezwa, alikuwa amekipenda kikundi kwa ajili hiyo hasa. Miezi ilivyopita ndivyo jambo hilohilo lilivyoanza kumkaba.

Jioni moja mwezi wa Juni, baridi ikiwa imeingia, waliketi duara kama kawaida. Mzee Bevan Hockley, mchimbaji mstaafu wa makaa ya mawe, ndiye aliyeanza.

"Juma langu limekwenda salama," alisema. "Sijanywa. Nimemtukana shemeji yangu tu, na huyo ningemtukana hata nikiwa nimelewa."

Watu wakacheka. Rohan akamgeukia Glenys.

"Nami sijacheza," Glenys alisema. "Lakini leo nilipokuwa nikipita pale chini, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkoba. Nataka tulizungumzie hilo. Nataka tuzungumze juu ya—"

"Kijani, sitini na nne!" spika ya darini ilinguruma. "Kijani, sitini na nne! Soseji na mbavu za kondoo! Mwenye namba aje mezani!"

Alhamisi ilikuwa siku ya bahati nasibu ya nyama, tikiti za rangi zikiuzwa kule chini, na spika ya chumba kile haikuwa na swichi. Kila mtu alinyamaza, kama watu wanavyonyamaza treni ikipita. Bevan alitoa vipande vya tikiti kwenye mfuko wa shati, akavikodolea macho, akavirudisha.

"Hiyo ni kamari, Bevan," Glenys alisema.

"Hiyo ni nyama, Glenys."

"Unalipa, unangoja namba, ukikosa unalipa tena. Ina jina gani jingine?"

"Inaitwa chakula cha Jumapili, bibie. Mimi nimekuja hapa kwa ajili ya bia. Mbavu za kondoo hazijawahi kunilaza mtaroni."

Rohan aliinua mkono kwa upole. Alichora mduara ubaoni, akaandika ndani yake: Yaliyo mikononi mwangu. Nje ya mduara akaandika: Yasiyo mikononi mwangu.

"Glenys, njia ya kupita chini iko wapi hapa?"

"Iko mikononi mwako," alisema Glenys. "Wewe ndiye mwenye kikundi. Waombe watufungulie mlango wa nyuma."

"Niliomba. Mlango wa nyuma ni wa kukimbilia moto ukizuka, una king'ora. Na sheria yao ni kwamba kila mtu aonyeshe kadi mbele. Nikizidi kuwasumbua watatunyang'anya chumba, na hawa wote wataenda wapi?"

"Basi iko mikononi mwao."

"Na iliyo mikononi mwako ni ipi?"

Alijua swali hilo lingekuja. Lilikuja kila Alhamisi, kwa sauti ileile ya upole, na lilikuwa swali zuri, na hapo ndipo kero yake ilipokaa. Huwezi kugombana na swali zuri. Ukimwambia mtu nyumba inawaka naye akakuuliza wewe utachagua kufanya nini, amesema kweli tupu na moto hajauzima.

"Kupita haraka," alisema mwishowe.

"Vizuri," alisema Rohan, akaandika ndani ya mduara: Kupita haraka.

Juma lililofuata mvua ilinyesha kwa upepo, ikampiga kila aliyesimama chini ya kibaraza cha mlangoni. Kikundi kilipomalizika Tamsin alikuwa hajafika. Alituma ujumbe kwamba barabara imejaa maji na atachelewa. Glenys alisimama karibu na meza ya Shaz mpaka miguu ikamuuma. Viti vya baa vilikuwa vimejaa watu waliokimbia mvua. Kiti kilichobaki kitupu kilikuwa cha mashine ya mwisho wa safu. Alikaa akiwa ameipa mgongo. Baadaye akageuka kuweka mkoba. Tamsin alipopiga honi nje, mkoba ulikuwa mtupu, na Glenys hakuweza kukumbuka hata picha moja iliyopita kwenye kioo.

Ndani ya gari mlikuwa na joto.

"Kikundi kilikuwaje?"

"Kizuri," alisema Glenys.

Asubuhi yake, kabla hajanywa chai, alikwenda klabu kwa miguu na kuomba kumwona meneja. Desmond Calloway alikuwa mtu mnene, mkarimu, ambaye mkewe alichukua dawa zake za presha kwa Glenys miaka mingi. Alimvutia kiti.

"Nataka kujipiga marufuku," Glenys alisema.

Sheria iliruhusu hilo. Mchezaji alitia saini, akapigwa picha, na tangu hapo wafanyakazi walikuwa na wajibu wa kumzuia. Muda wa chini ulikuwa nusu mwaka, na katikati hakuna kubadili nia. Desmond alieleza yote hayo bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuyaeleza kwa wengi.

"Nizuiwe kwenye mashine tu," alisema Glenys. "Juu niendelee kwenda."

"Hapo ndipo penye shida, Glenys. Ukumbi wetu ni mmoja. Hakuna ukuta. Siwezi kukuzuia kwenye mashine nikakuruhusu upite kati yake. Nikikuzuia, nimekuzuia klabu nzima."

"Na kikundi?"

"Kikundi kiko juu."

"Najua kiko juu."

"Sasa juu si ni ndani?"

Glenys alimtazama. Desmond hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa mtu anayeeleza umbo la jengo.

"Kwa hiyo," Glenys alisema taratibu, "mtu akitaka msaada wa kuacha mashine zenu, lazima awe mtu anayeruhusiwa kuzicheza."

Desmond alikuna shingo. "Ukilisema hivyo, linasikika vibaya."

"Nimelisema lilivyo."

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye duka la matairi. Rohan alikuwa amelala chini ya lori. Zilionekana buti tu. Alijivuta nje, akajifuta mikono kwa kitambaa, akamsikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari ya kiti cha mwisho wa safu. Hakushtuka wala hakulaumu.

"Umeteleza, na asubuhi hii umekuja kulisema," alisema. "Hilo si dogo."

"Rohan, sikuja kusifiwa. Nisaini au nisisaini?"

"Hebu tulipime. Ukisaini unapata nini, unapoteza nini?"

"Nikisaini sitaweza kucheza. Na sitaweza kuja kwenye kikundi, na Tamsin ataninyima Maeve. Nisiposaini nitakuja kwenye kikundi, na Alhamisi moja mvua itanyesha tena. Nimekwisha kupima. Niambie nifanye nini."

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Kikundi chetu ndivyo kilivyo, Glenys. Nikikuambia mimi, utakuwa uamuzi wangu. Siku utakapouchoka, utautupa kama kitu cha mtu mwingine."

"Bwana wewe! Nikija na mguu uliovunjika utaniuliza nataka kutembea upande gani?"

Rohan alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ningekuwa na chumba kingine ningekupeleka leo hii. Sina. Nimegonga kila mlango mji huu. Nakuambia kweli, nami jambo hili linanichosha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kitu ambacho si swali. Kilimtuliza kidogo, lakini hakikumsaidia. Alirudi klabu, akapigwa picha akiwa na koti lililolowa mvua, akatia saini.

Jumamosi hiyo alimwogesha mbwa pamoja na Maeve kwenye beseni la bustani. Mtoto alimwagia maji mpaka kifuani na kumwita bibi samaki. Tamsin alipokuja kumchukua, Glenys alikuwa na maneno yake tayari, machache, yaliyopangwa vizuri. Hakuyasema. Alijiambia kwamba kuna siku tano mbele.

Siku tano zilipita. Alhamisi, gari liliposimama mahali pake pa kila siku, Glenys alifungua mlango na kushuka, akauelekea mlango wa kioo kama mtu anayejua aendako. Hakuwa na mpango. Alitumaini tu kwamba leo, kwa mara moja, Tamsin angekuwa na haraka. Nyuma yake injini iliendelea kunguruma palepale.

Mlango ulifunguka, na Shaz akatoka nje mwenyewe kabla Glenys hajakanyaga kizingiti. Alikuwa amevaa fulana ya kazi na macho yalikuwa yamemwiva.

"Glenys, mpenzi. Usinifanyie hivi. Picha yako iko pale mezani kwangu."

"Najua, Shaz. Siingii. Nimesimama tu."

"Hata kusimama hapa mlangoni, dada, wananiambia nisikuruhusu. Pole, jamani. Pole sana."

Injini ikazimwa. Glenys hakugeuka. Alisikia mlango wa gari, kisha viatu vya Tamsin kwenye kokoto.

"Kuna nini? Mbona haingii?"

Shaz alimtazama Glenys, akafumba mdomo, akarudi ndani. Kwa hilo Glenys alimheshimu.

"Nimejipiga marufuku klabu," Glenys alisema. "Ijumaa iliyopita."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Alhamisi ya mvua nilicheza. Nilipokuwa nakungoja."

Kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya ua, wazee waliovaa nyeupe walikuwa wakikusanya matufe yao kabla giza halijaingia.

"Ukaniambia kikundi kilikuwa kizuri."

"Kikundi kilikuwa kizuri. Mashine zilikuwa baada yake."

"Na Jumamosi ukakaa na Maeve. Siku nzima. Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Na leo ulitaka niondoke nikiamini umeingia."

"Ndiyo."

"Angalau leo huna sababu ya kunipa," Tamsin alisema kwa hasira.

"Sababu ninayo ileile. Nilikwambia njia inapita kwenye mashine. Nilikwambia mpaka nikachoka."

"Mama, ni mashine! Zimewekwa pembeni, mtu anapita!"

"Ingia ukaone."

"Nini?"

"Hujawahi kuingia. Kila juma unaniacha mlangoni. Ingia, panda mpaka juu, kamuulize Rohan kama nasema uongo. Mimi siwezi kukusindikiza."

Tamsin aliingia kwa hatua za mtu anayekwenda kumaliza ubishi. Glenys alirudi akasimama kando ya gari. Baridi ilimwingia magotini. Bevan akatokea kwa upande wa baa, sigara mdomoni, akamwona.

"Aa, mkimbizi! Juu wanakuulizia. Nimewaambia wote tushuke tukae hapa nje na wewe. Rohan kakataa. Anasema mambo ya watu hayasemwi kwenye maegesho."

"Amesema kweli."

"Huyo siku zote anasema kweli, ndiyo maana anachosha." Alivuta sigara. "Mimi leo nimeambulia mkia wa ng'ombe. Nikukatie?"

"Bevan, nenda zako."

"Naenda, bibie. Nilitaka tu ujue kiti chako hajakikalia mtu."

Akaenda zake. Muda mfupi baadaye Tamsin alitoka. Hakutembea kama alivyoingia. Alikuja mpaka kwenye gari akaegemea boneti karibu na mama yake, bila kumgusa.

"Wanakuuliza kama unataka kinywaji," alisema. "Kabla hujafika kwenye ngazi. Mwanamke mmoja alinisogezea kiti. Alidhani natafuta pa kukaa."

Glenys aliitikia kwa kichwa.

"Na juu unazisikia. Rohan anaongea, nawe unasikia zile kengele za mashine chini ya sakafu."

"Ndiyo."

"Huyo Rohan amesema ulikwenda kwake Ijumaa. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia usisaini. Akaniuliza mimi ningefanya nini."

"Ukajibuje?"

"Nilikaribia kumpiga kwa ule ubao wake."

Kwa mara ya kwanza jioni ile Glenys alitaka kucheka. Hakupata nafasi. Spika ya nje, iliyofungwa chini ya kibaraza kwa ajili ya wavuta sigara, ilikohoa.

"Manjano, kumi na saba! Manjano, kumi na saba! Nusu kondoo, mabibi na mabwana, zawadi kubwa ya leo!"

Mkono wa Tamsin uliingia mfukoni mwa koti, ukatoka na kipande cha karatasi ya manjano. Alikiinua kwenye mwanga wa taa, akasoma, midomo ikicheza. Kisha akahisi kuangaliwa.

"Wamenipa mlangoni nilipojiandikisha kama mgeni," alisema. "Bure. Kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza."

"Namba ngapi?"

"Kumi na tisa." Alikitazama tena, kana kwamba namba ingeweza kubadilika. "Nilikosa kidogo tu."

Maneno hayo yalimtoka kabla hajayasikia. Alipoyasikia alikunja karatasi ile ndogo, akaikunja tena, akatafuta pa kuitupa, asipate, akabaki nayo mkononi.

Glenys angeweza kusema neno hapo. Lilikuwa tayari ulimini, na lingekuwa la haki. Aliliacha.

"Jumamosi nitamleta Maeve," Tamsin alisema mwishowe. "Lakini nitakaa. Kutwa nzima nitakuwa hapohapo nyumbani kwako, mpaka nitakapoamini tena. Si kwa ajili ya kucheza, mama. Kwa ajili ya ule uongo."

"Sawa."

"Hutaniambia ni dhuluma?"

"Si dhuluma."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi sina pa kwenda," Glenys alisema. "Nusu mwaka. Nilitia saini nikijua."

Tamsin alitazama dirisha la juu, ambalo mwanga wake ulionyesha migongo ya watu waliokaa duara. "Haiwezekani iwe hivi," alisema. "Lazima kuwe na mtu wa kuambiwa. Mtu mwenye jengo. Baraza la mji, sijui nani. Hii haina akili."

"Mimi nimewaambia wote."

"Mimi sijawaambia."

Alifungua mlango wa gari kwa nguvu, akaketi, akapiga usukani kiganja kimoja. Glenys alizunguka akaingia upande wake, akafunga mkanda. Aliitambua hasira ile. Alikuwa ameibeba peke yake tangu mwezi wa pili, alipoanza kuja kwenye kikundi. Haikuwa imepungua hata kidogo. Ila sasa ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao bado alikuwa ameishika tikiti.

"Itupe hiyo," alisema Glenys.

Tamsin alishusha kioo, akaitupa kwenye kokoto, akawasha gari.